Mfuko wa Ndani wa Mheshimiwa Mizani

Benchi lenyewe ni ubao mmoja tu uliolazwa juu ya matofali, lakini ukikaa hapo asubuhi mpaka jioni utaondoka unajua mambo ambayo serikali haijayajua, na mengine ambayo hata hayajatokea. Upande wa kulia ni kwa kinyozi, wanamwita Wembe, na ulimi wake unanyoa kuliko mashine yake. Kushoto ni kibaraza cha Bi Pindo, fundi cherehani, mama mwenye mwili wake, ukimpa kitambaa leo kesho unavaa. Katikati anasimama Mapafu na birika lake la kahawa, na jina hilo kapewa kwa sababu akiita mteja hata aliyelala mtaa wa pili anaamka. Ncha ya benchi, penye kivuli, ni pa Mzee Katiba, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili ya sheria miaka thelathini bila kufungua hata moja, na sasa anayaeleza yote. Siku hiyo, saa tisa alasiri, Wembe alikuwa ameigeuza televisheni yake itazame nje, maana bungeni walitaka kumng'oa Waziri wa Afya, na Waziri wa Afya ni mtoto wa mtaa huu huu. Alianzia hapo zahanati, anapima uzito wa watoto wachanga, watu wakamwita Mizani, na uheshimiwa wote ule haujalifuta jina.

Kosa lake lilikuwa moja. Wakubwa walitaka zahanati ndogo zote zifungwe, watu waende hospitali kuu. Yeye akasema hasaini. Basi watu wa chama chake mwenyewe ndio wakapeleka hoja aondolewe.

Kila mtu benchini alikuwa ametulia na kikombe chake, isipokuwa Bi Pindo. Huyo alikaa, akainuka, akaenda kwenye cherehani, akakanyaga pedeli bila uzi, tra tra tra, akarudi. Alikuwa na jambo kifuani, na nikisema kifuani ninamaanisha ndani ya sidiria.

— Mama, una siafu? Wembe alimuuliza, mashine mkononi, mteja kichwa nusu kimenyolewa nusu bado.

— Nyoa, wewe. Mtu atatoka hapo kama ramani.

— Mizani simwogopei, alisema Mzee Katiba. Nani alimsimamisha udiwani kama si mimi?

— Udiwani alishindwa, mzee, alisema Mapafu.

— Mara ya kwanza. Nani alimfundisha kushindwa kama si mimi?

Bi Pindo alicheka, maana kucheka kwake hakungoji ruhusa, lakini kicheko kilikatikia katikati. Akajishika kifua.

— Mimi nakumbuka mumewe, Mapafu aliendelea. Alimwambia uchague, mimi au kura.

— Akachagua nini?

— Si alihesabu. Mume mmoja, kura elfu nne.

— Baba yake alikuwa fundi baiskeli, alisema Katiba kwa uzito. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Ndiyo maana akapata viti maalumu.

— Hapo nyoka kaingiaje, mzee?

— Nyoka hana kiti, akipewa anashukuru. Halafu akaacha vya kupewa, akapigania jimbo, akashinda. Unaibu, uwaziri. Yote hayo yamo kwenye sheria.

Kwenye televisheni mbunge mmoja mwenye shingo fupi alikuwa anamsema Mizani, kidole juu, mate yanaruka. Kamera ikamwendea mwenyewe. Alikaa wima ndani ya koti la rangi ya bluu iliyoiva, miwani mkononi, uso haujasema kitu.

— Koti lako hilo, mama? aliuliza Wembe.

— Langu, alisema Bi Pindo, sauti kama imepita kwenye tundu la sindano.

— Ngojeni asimame muone. Lazima ajishike ubavuni, kushoto. Miaka yote hiyo, kabla hajafungua mdomo, mkono unakwenda ubavuni. Kuna kitu mle.

— Kuna mfuko, alisema Mapafu. Si ndiyo, mama? Wewe ndiye unayeushona.

Ndiyo, ni yeye. Koti la kwanza kabisa, lile la udiwani, Mizani alimwambia dada nishonee mfuko kwa ndani, upana wa kiganja, kina cha vidole vinne, na usiniulize. Naye, mwanamke ambaye angemuuliza hata maiti anakwenda wapi, hilo hakuliuliza. Akashona koti la kwanza, la kumi, la arobaini. Hili la leo dereva alileta kitambaa jana, akalichukua alfajiri. Bi Pindo alipofagia kibaraza asubuhi, chini ya cherehani akauona mfuko. Umekatwa, umepigwa pindo, umepigwa pasi. Umebaki.

Ndio huo uliokuwa unamchoma kifuani.

— Mle ana simu, alisema Wembe. Ya pili. Ina namba moja tu, na ukiipiga, huko inakolia wanasimama wote.

— Inalia wapi?

— Kule juu. Nikijua si ningepiga mimi?

— Si simu, alisema Mapafu. Ni hirizi. Ya bibi yake mzaa bibi yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo maana anaishika shika.

— Barua, alikata Katiba. Imesainiwa na Rais, haijaandikwa kitu. Akiudhiwa anajaza mwenyewe. Kisheria inaitwa barua tupu.

— Mzee, kisheria unaitwa wewe tupu.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama, kijana. Ndiyo maana hunenepi.

Mapafu aliweka birika chini, na Mapafu akiweka birika chini ujue limekuja kubwa.

— Nimepata. Yule alikuwa anapima watoto, sivyo? Basi ana daftari. Dogo hivi. Lina uzito wa wabunge wote walipozaliwa. Mtu akinyanyua domo, yeye anashika ubavu tu, yule anakumbuka kwamba alizaliwa kilo moja na nusu, analia usiku, anakaa chini.

— Huyo shingo fupi ana miaka sitini. Alimpima tumboni mwa nani?

— Daftari la kurithi.

Mteja wa Wembe alicheka mpaka mashine ikamkosa sikio kidogo tu. Lakini Bi Pindo alikuwa ameshainuka tena. Alitembea hatua nne, akageuka, hatua nne. Wote walikuwa wanatania, na yeye alikuwa anaona maneno yao yanakwenda mahali pamoja: nguvu zake ziko mle. Na mle hamna mfuko.

— Nimeusahau, alisema.

— Umesahau nini?

Akaingiza mkono kifuani, akautoa, akauweka juu ya ubao kati ya vikombe. Kitambaa cha bluu, ukubwa wa kiganja.

Hakuna aliyeugusa. Mapafu, ambaye kunong'ona hakufundishwa, alinong'ona.

— Mama. Umemuua mtu.

— Usiseme hivyo.

— Amekwenda vitani na koti tupu, alisema Wembe. Hana simu, hana barua, hana chochote.

— Mpigieni dereva. Nani ana namba ya dereva?

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, alisema Katiba, kwa huzuni ya mtu asiyejua anasema nini. Hapo hakuna rufaa.

— Mzee, nitakufunga mdomo kwa uzi wa magunia.

Na hapo ndipo Spika akamwita. Mizani akasimama.

Mtaa wote ulikaza shingo. Mkono wa kushoto ukaenda ubavuni. Ukaingia ndani ya koti. Ukapapasa. Ukapapasa tena, chini kidogo. Bi Pindo alimshika Mapafu bega, akaliminya mpaka Mapafu akasahau kupumua. Mizani akatazama chini kwenye koti lake, akatikisa kichwa kidogo, midomo ikavutika kama ya mtu aliyekumbuka ndugu yake mzembe. Mkono ukatoka. Ukaingia kwenye mkono wa kulia wa koti, ukachomoa leso nyeupe iliyokunjwa. Akafuta miwani. Akaivaa. Akaanza kusoma.

— Leso? alisema Wembe. Miaka yote hiyo, leso ya miwani?

— Hiyo unaiita leso ya miwani, alisema Mapafu. Umeona ilivyokunjwa? Mara saba.

— Nne.

— Saba. Nimehesabu. Leso ya kawaida nani anaikunja mara saba?

— Na kakifuta kioo cha kulia kwanza, alisema Katiba. Kulia ni serikali. Kushoto ni upinzani.

— Tazama, kaishika tena. Anaizungusha kidoleni.

— Kidole cha pete.

— Pete alishaivua.

— Ndiyo sasa. Kaivua, leso imekalia nafasi yake.

Bi Pindo hakuwasikia. Alikuwa macho tu, yeye na koti lake. Aliutazama mkono wa kulia ukipanda na kushuka, akaona haumbani kwapani. Akaitazama kola. Alitazama kile kifungo cha pili alichokitilia shaka, akakiombea. Kila Mizani alipogeuza karatasi, Bi Pindo alimeza mate. Hakukaa hata mara moja. Dakika ishirini zile alizishona zote kwa macho, tundu kwa tundu.

Mizani akakaa. Watu wakagonga meza, wengine wakazomea. Spika akapiga nyundo yake.

— Wanaoafiki hoja waseme ndiyo.

— Ndiyooo.

— Wasioafiki waseme siyo.

— Siyooooo.

— Wasioafiki wameshinda.

Hapo benchi lilianguka kutoka kwenye matofali yake. Mapafu alimwaga kahawa yote iliyobaki, akasema bure, huku iko chini. Wembe alimkumbatia mteja wake wa nusu kichwa. Katiba alimpa Bi Pindo mkono, akamwambia, binti, umeweka historia kwa kusahau. Na Bi Pindo alicheka kile kicheko chake chote, machozi, mabega, kila kitu, akakaa kitako, akatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mkunga wa zahanati alitokea pale kona wakiwa bado wanapangusana kahawa. Alikuwa na sare yake ya kazi, imelowa mikononi, mkoba begani, viatu ameviponda visigino.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Umekosa sinema.

— Nilikuwa na mzazi tangu asubuhi. Simu nilizima. Wamemtoa?

— Wamtoe wapi? alisema Mapafu. Amebaki. Kawagaragaza.

— Alhamdulillahi. Akashusha mkoba. Na sisi?

— Nyinyi vipi?

— Zahanati. Alisema anakataa tena zisifungwe, au amekubali zifungwe ndipo wakamwachia kiti?

Mapafu akalitazama birika. Wembe akarudi kwenye kichwa cha mteja, akawasha mashine, akaizima.

— Kisheria, alianza Mzee Katiba, akaishia hapo hapo.

— Si mlikuwa mnatazama? Alisema nini?

— Alikuwa na leso, alisema Mapafu. Nyeupe.

Mkunga alimtazama kama anavyomtazama mwanaume anayeingia chumba cha kujifungulia kuuliza chakula.

— Nina wajawazito kumi na wanne kesho saa moja asubuhi. Nataka kujua niwaambie waje wapi.

Basi akamgeukia Bi Pindo, mwanamke mwenzake, mtu aliyemjua Mizani kuliko wote pale.

— Dada. Wewe ulimtazama mwanzo mpaka mwisho, nakujua. Alisemaje?

Bi Pindo akafungua mdomo. Alitafuta neno moja tu katika zile dakika ishirini, popote lilipo. Alipata mkono, kola, kifungo.

— Mabega yalimkaa vizuri, alisema, kwa sauti ndogo ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia kwake.