Nasahihisha Ushuhuda Wangu wa Virusi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana hiyo ya kwanza nimehesabu sauti chache.

Mnanijua, mimi ni Mama Mwende, wa mbuzi pale soko la Mwingi. Mwaka uliopita nilisimama hapa nikashuhudia kwamba Mungu ameniondolea virusi, mkanipigia vigelegele. Leo nimekuja kusahihisha. Sikudanganya, nilikosea, na kosa lile karibu liniue.

Wauguzi walikuja kupima akina mama saratani ya mlango wa kizazi. Mimi nilikuwa mzima, hata kikohozi sina. Nilipimwa kwa sababu foleni ilikuwa fupi. Baada ya wiki kadhaa nikaitwa kliniki. Sista Halima, muuguzi wa pale, akafungua karatasi, akasema, "Mama, tumepata virusi. Sasa keti nikueleze..."

Ndugu zangu, sikuketi! Huku kwetu mtu akisema virusi, si ni Ukimwi? Kuna vingine? Nikanyakua karatasi, nikachukua kiondo, nikatoka. Simu nikazima.

Mume wangu ni dereva wa lori, barabara ya Mombasa. Aliporudi nikamngoja mlangoni.

"Baba Mwende, huko Mtito Andei umeniletea nini?"

"Tikiti maji. Liko kwa lori."

"Na kingine?"

"Vitunguu kidogo. Kwani ulitaka nini?"

Nikamwambia alichoniletea. Maskini mzee wa watu, alivaa koti tu. Tukaenda kupimwa mji wa Wote, mbali, asitujue mtu. Hatuna Ukimwi, yeye wala mimi. Nikasema tupimwe tena. Bado hatuna! Ndipo nikaja kushuhudia, na ile karatasi ya Sista nikawashia jiko.

Miezi ikapita. Siku moja nabishania bei ya beberu, namwona Sista Halima katikati ya mbuzi, buibui amelishika juu, viatu vimejaa mavi. Ndiyo, ni Mwislamu, msiangaliane. Habari za ushuhuda wangu zilikuwa zimemfikia. Akanivuta kando.

"Mama Mwende, vile mlivyopimwa kule Wote ni vingine. Virusi vina koo nyingi, kama nyinyi Wakamba. Hivi vyako ni vya ukoo mwingine kabisa."

"Koo ngapi?"

"Wewe mama, sikiza kwanza!"

Akanieleza. Virusi hivi watu wengi huvipata kwa njia ya ndoa na mapenzi, wala hawajui. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Lakini kwa wengine vinabaki miaka na miaka, bila homa, bila maumivu, vikiharibu chembechembe za mlango wa kizazi pole pole, mpaka zingine zinaanza kuzaana ovyo. Hiyo ndiyo saratani. Akasema huenda nilivipata hata kabla ya harusi, na hakuna wa kujua vilitoka kwa nani. Hapo nikamkumbuka Baba Mwende na tikiti lake.

Nikajaribu kupatana. "Nije baada ya mavuno?"

"Leo."

"Kesho basi, nimuuze beberu."

"Huyo beberu ndiye atalea Mwende?"

Nikaenda. Wakaniangalia, wakakuta chembechembe zimeanza kugeuka, lakini hazijawa saratani. Hazijawa! Wakazichoma kwa joto, dakika chache tu, nikatembea nyumbani kwa miguu yangu. Juzi nimerudi kupimwa. Hakuna kitu. Niliuliza mara mbili.

Ndugu zangu, fikirini! Mimi ninayejua umri wa mbuzi kwa kumtazama meno, nilibeba kifo mwilini nikiimba kwaya, na sikujua! Kitu kidogo hivyo, jicho haliwezi kukiona. Lakini Mungu alikiona. Alikiona siku zote, akamtuma mtu kunitafuta kati ya mbuzi. Nikikumbuka, mwili wote unasisimka.

Baba Mwende, uko pale nyuma. Mbele ya kanisa hili, nisamehe.

Akina mama, mtumainini Mungu, wala msikimbie msaada anaotuma. Chanjo ya kuzuia virusi hivi nilimkataza Mwende shuleni. Leo anachanjwa. Sista Halima ameweka meza yake ya kupimia na kuchanjia katika darasa la watoto, hapo nje. Anayeogopa nitamshika mkono mpaka mlangoni. Simama, dada. Twende.