Kikombe cha Anayekuja

Malori yanayongoja kuvuka mpaka wa Busia, upande wa Uganda, hujipanga hadi mbele ya kibanda cha Provia. Nyuma ya kibanda hicho, mahali ambapo moshi wa dizeli haufiki sana, ndipo lilipo benchi letu, ubao mmoja wa mvule uliolazwa juu ya matofali. Provia huuza kahawa ya tangawizi na karanga za kukaanga. Benchi lina sheria moja tu, na hakuna anayekumbuka aliyeiweka: kikombe cha mwisho katika birika hakiuzwi. Hubaki juu ya makaa kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Akija yeyote, dereva aliyechoka au mpita njia asiye na jina, hupewa bila kuulizwa anakotoka. Jioni, kama hakuna aliyekuja, Provia hukinywa mwenyewe na kujikaribisha kwa sauti.

Jumamosi ile tulikuwa watu wa kila siku. Alikuwapo Tom, wakala wa kupitisha mizigo forodhani, ambaye tunamwita Waziri kwa sababu huzungumza kama serikali nzima. Alikuwapo Kevo wa bodaboda kutoka upande wa Kenya, jina lake la benchi ni Klachi. Na alikuwapo Obore, tunayemwita Landilodi kwa utani, maana mali yake yote ni bonde la mafunjo kando ya barabara ya Tororo, na bonde hilo halijawahi kumletea hata kuku. Kiswahili chake, kama cha Provia, ni cha mpakani, ambako “nasoma” huweza kuwa mimi, wewe au yeye. Mimi huitwa Mwalimu, ingawa chaki niliiacha siku nyingi.

Lakini siku hiyo utani ulikuwa umekaribia kuwa kweli. Tajiri mmoja wa malori alitaka kulikodi bonde la Obore, alijaze kifusi na kulifanya yadi ya kuegesha. Kifusi kilikuwa tayari kimepakiwa. Tajiri angepiga simu kabla ya adhuhuri, na Obore angetamka neno moja tu, ndiyo au hapana. Simu ilikuwa juu ya goti lake, naye aliitazama kama mtu anayetazama yai linalotaka kuanguliwa.

Waziri: Sema ndiyo, Landilodi. Wahenga walinena, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sasa wewe ukiyafukia, nguo zako zinabaki kavu.

Mimi: Wahenga hawakumaanisha hivyo, Waziri.

Waziri: Walisema nusu, Mwalimu. Nusu nyingine namalizia mimi.

Obore: Mimi nasema ndiyo. Binti yangu Bridgit nasoma unesi, na chuo nataka ada. Nasema ndiyo. Lakini roho nakataa kidogo.

Klachi: Roho hailipi ada, mzee. Ulishaona risiti ya roho?

Tulicheka, na Obore akacheka nasi, ingawa kwa mdomo tu. Nikamwomba Provia karanga. Alinipa zimefungwa katika karatasi iliyosokotwa kama pembe, kama kawaida yake. Nilipomaliza kuzila nikaikunjua karatasi, kwa mazoea ya mtu aliyefundisha watoto kusoma miaka mingi: haliniponyoki neno lililochapwa, hata likiwa na mafuta. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha zamani, wenye herufi nene na rangi ya chai. Nikawasomea.

“Nilipokuwa kijana nililiona bonde la mafunjo kuwa mahali pasipo na kazi. Mvua kubwa zikaja. Nikaona maji mekundu yakiingia upande mmoja kwa hasira, na upande wa pili yakitoka meupe na ya upole. Ndipo nikaelewa kuwa pale ndani kulikuwa na kazi, ila haikuwa na mwajiri.”

Obore aliinua uso.

Obore: Hiyo ni bonde yangu.

Waziri: Si bonde lako. Hiyo ni karatasi ya karanga.

Obore: Nakwambia ni yangu. Maji naingia mekundu kwa barabara, natoka meupe kwa shamba ya jirani yangu Wilkister. Nani naandika hiyo?

Mimi: Sijui. Provia, kitabu hiki umekitoa wapi?

Provia: Shule moja nasafisha stoo, nauza kwa kilo. Jalada hakuna. Mimi nataka karatasi ngumu tu, karanga isitoboe.

Klachi: Lakini maze, Mwalimu, hiyo ni stori ya kitambo. Simu yangu ya juzi tu tayari imezeeka, inakataa kila kitu. Sasa kitabu cha enzi za babu kitanisaidia nini mimi?

Lilikuwa swali zuri, na nilitaka kulijibu bila haraka. Nikamwambia kuwa kitabu kinachotoa habari huzeeka kweli. Ramani huzeeka, orodha ya wilaya huzeeka, hata hesabu ya twiga huzeeka. Lakini mtu huyu hakuwa anatupa habari. Alikaa kando ya bonde akatazama mpaka akaona, kisha akatuonyesha namna ya kutazama. Hilo halizeeki, kama vile kumfundisha mtoto kushika kalamu hakuzeeki, ingawa kalamu zenyewe hubadilika kila mwaka.

Klachi: Na huyo msee yuko hai?

Mimi: Kwa herufi hizi, sidhani.

Klachi: Amekufa, na bado anabishana na tajiri wa malori. Huyo ni mkali.

Waziri: Msidanganyike. Mimi nawajua hawa waandishi wa maumbile. Wote walikuwa wagonjwa. Mbu akikuuma sana, homa inapanda kichwani, unaanza kupenda kinamasi. Ni dalili inayojulikana hospitalini.

Klachi: Mimi naona ni kitu ingine. Mafunjo ni mtandao. Mizizi imeshikana huku chini kwa chini mpaka ziwani. Ndiyo maana chura wa Busia hii na chura wa Busia ile wanaimba wimbo mmoja.

Waziri: Kumbe vyura wanavuka bila stakabadhi! Landilodi, bonde lako ni njia ya panya. Kulifukia ni ulinzi wa taifa.

Klachi: Na korongo je? Yuko kwenye bendera ya Uganda, lakini akishashiba kwa Obore analala kwetu Kenya. Huyo anafanya kazi huku, anatumia mshahara kule. Kama mimi tu!

Obore hakucheka. Alikuwa amemnyooshea Provia mkono.

Obore: Nipe karanga.

Provia: Wewe hukula karanga. Jino yako je?

Obore: Nipe. Nataka karatasi.

Provia alimchagulia pembe moja. Haikuwa ya kitabu kile. Ilikuwa tangazo la dawa ya mifugo. Akampa nyingine. Klachi naye akanunua, Waziri akanunua huku akisema ni njaa tu, na karanga zikarundikana juu ya benchi bila mlaji, sisi tukikunjua karatasi kama watu waliopoteza pete. Hatimaye Klachi akapiga kelele. Niliufuta ukurasa chumvi, nikasoma.

“Mwenye kuchota ni mmoja, lakini wenye kiu ni wengi, na wengi wao hawajafika kisimani. Muungwana huchota kana kwamba wanamtazama. Mwaka ule wa njaa alikuja mtu akitaka kulinunua bonde. Yeye alikaa na fedha yake, nami nilikaa na njaa yangu, tukatazamana mpaka jua likapinda. Mwishowe nikamwambia”

Nikainua macho.

Obore: Namwambia nini?

Mimi: Ukurasa umeishia hapo.

Obore: Angalia nyuma.

Mimi: Nyuma ndiko nilikoanzia.

Obore: Provia! Karatasi inafuata hii iko wapi?

Provia aliitazama pembe, kisha akalitazama jiko. Alijifuta mikono kwenye leso polepole.

Provia: Asubuhi makaa nakataa kushika. Nachukua karatasi ile iko juu.

Kahawa tuliyokuwa tunakunywa ilikuwa imechemshwa kwa jibu lile. Niliona kila mmoja akichungulia kikombe chake.

Waziri: Mimi najua alichomwambia. Alimwambia, weka fedha mezani. Samaki mkunje angali mbichi, na bonde lifukie lingali na maji.

Klachi: Zii. Alimwambia, nipigie kesho. Kila mtu wa kijijini husema nipigie kesho.

Provia: Mimi nasema hakumwambia kitu. Alifungua mdomo, machozi ikatoka.

Obore: Mwalimu. Wewe umesoma. Alisema nini?

Nilitamani sana kuwa na jibu. Ningeweza kulitunga, na wote wangeniamini, kwa sababu nimezoea kuaminiwa. Lakini mtu aliyeandika ukurasa ule alikuwa amekaa na njaa yake ya kweli, na haikuwa haki mimi niliyeshiba karanga nimmalizie.

Mimi: Sijui, ndugu yangu.

Obore alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti yake ilipanda.

Obore: Basi kitabu inasaidia nini? Nasema watu hawajafika, hawajafika. Hao iko wapi? Mimi sioni. Bridgit amefika! Bridgit naona, nakula, navaa, natumwa nyumbani kwa ada. Huyo hajafika atavaa nini? Atakula nini? Mtu hana uso, mimi namtunzia bonde?

Waziri: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na huyu hajamaliza hata siku moja.

Obore: Ngoja nawaonyesha.

Akainama, akalishika birika kwa pindo la koti, akamimina kile kikombe cha mwisho. Provia alisema “Obore!” lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwita mtoto aliye karibu sana na maji. Obore alikinywa chote kikiwa cha moto, akakigeuza juu ya ubao.

Obore: Mmeona? Nani amelia? Nani amekosa? Hakuna mtu.

Na kweli, hakuna aliyelia. Malori yalisogea kidogo barabarani na kusimama tena. Klachi alianza kuokota karanga moja moja na kuzirudisha ndani ya karatasi. Mimi nilikuwa nikifikiri kwamba Obore alikuwa amesema ukweli mtupu, na kwamba hoja yake ilikuwa nzito kuliko zote zilizowekwa juu ya ubao ule tangu asubuhi. Ada ya Bridgit ina uso. Kuna wema ambao ni rahisi kuuhubiri ukiwa na pensheni.

Ndipo yule mwanamke alipotokea kando ya kibanda. Hatukuwa tumewahi kumwona. Alibeba kichwani mzigo wa mikeka ya mafunjo, mibichi bado kidogo, yenye harufu ya maji. Aliutua taratibu, akajishika kiuno.

Mwanamke: Yoga. Habari zenu.

Obore alijibu salamu ya Kiteso kabla yetu, kwa mazoea ya adabu.

Provia: Karibu, dada. Unatoka wapi na mzigo yote hii?

Mwanamke: Naitwa Akiteng. Natoka mbali. Mguu nachoka. Mikeka wananunua upande wa Kenya, nasema nipumzike kidogo kwanza.

Klachi: Mikeka fiti sana hii, mathe. Mafunjo unakata wapi?

Akiteng: Pale bondeni, barabara ya Tororo. Mwenyewe simjui. Hajawahi kukataza mtu. Sisi nakata, lakini mizizi naacha, ya watu nakuja nyuma.

Klachi: Mabonde ni mengi huko.

Alisema haraka mno. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama Obore. Nadhani tuliogopa.

Akiteng alikaa kwenye ncha ya benchi. Akaliona birika, akatabasamu, kama mtu aliyefikia alama ya njiani aliyoelekezwa.

Akiteng: Dereva mmoja naniambia, hapa kuna kikombe ya mtu anakuja. Ni kweli?

Waziri alifungua kinywa. Nilingoja methali. Akatia karanga. Klachi alitazama pikipiki yake. Provia alilishika birika na kulitikisa, ingawa alijua, na halikutoa sauti yoyote. Nami niliyejibu maswali ya watoto miaka yote ile, nilikitazama kikombe kilichogeuzwa juu ya ubao, kikiwa na duara la kahawa pembeni yake.

Simu ikalia.

Ilikuwa juu ya benchi, mahali Obore alipoiacha aliposimama, na ilitetemeka mpaka karanga zikacheza. Obore aliiacha ilie. Alikuwa anamtazama yule mama, miguu yake yenye vumbi, na mikeka. Kisha akaichukua.

Obore: Ndiyo, tajiri. Nasikia… Hapana… Hapana, hata ukiongeza. Leo hapana, na kesho hapana… Si hasira. Kuna mtu amefika.

Akaizima. Akakaa, kisha akasimama tena, kama mtu ambaye hajui mwili wake uwekwe wapi.

Waziri: Na Bridgit?

Obore: Bridgit nitamwambia mimi mwenyewe.

Alisema hivyo kwa uso wa mtu ambaye bado ana njaa yake. Sikumsifu, haikuwa siku ya kusifiana.

Provia alitia maji mapya katika birika, akamwambia Akiteng asiondoke, kahawa inakuja. Makaa yalikuwa yamefifia, na mkono wake, kwa mazoea, ukaelekea kwenye rundo la kurasa kando ya jiko.

Obore: Si hiyo.

Akavua kofia yake, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kupepea.