Mwalimu Fredrick Kiula na Mifupa ya Mlimani

Waombolezaji wenzetu, wasifu huu umeandikwa na Benson, mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Ameuandika akiwa amechoka. Akikwama katikati, mvumilieni.

Mwalimu Fredrick Kiula alizaliwa tarehe 3 Machi 1956 hapa Kinampanda, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Laurenti na marehemu Mama Magreth. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kuokota mawe. Akitumwa kuchunga, alirudi mifuko imejaa na mbuzi wawili hawaonekani. Fimbo za baba hazikumbadilisha.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza kidato cha nne Singida mjini mwaka 1975, kisha akaenda chuo cha ualimu. Alifundisha jiografia Mitundu, Manyoni, na mwisho hapa nyumbani hadi alipostaafu mwaka 2016. Wanafunzi wake mko wengi hapa. Mnakumbuka alivyowapandisha mlimani mkalala kwenye mahema siku tatu, mkila makande yenye mchanga, mkitafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe.

Tarehe 14 Julai 1984 alifunga ndoa na Bi. Elina, Mungu akawajalia Loyce na Gerald. Shemeji Elina huwa anasema, "Niliolewa na mwalimu, nikakuta gunia la mawe ndiyo mke mwenzangu." Hata hivyo kila safari alimfungia karanga za njiani.

Mwezi Julai 2010, wakiwa kambini mlimani, yeye na Benson na wasaidizi wawili, mwalimu aliona mifupa ya mawe ikichungulia kwenye ukingo wa korongo. Alifurahi hata chakula kikamshinda. Akashuka kwenda Dodoma kumwita mtaalamu wa serikali wa mambo ya kale, akawaacha Benson na wenzake wawili walinde. Sasa, sisi huku tumelelewa hivi: mfupa ukiukuta umelala wazi unauzika, maana hujui ni wa babu wa nani, na mahali pake husemi, asije mtu akaufukua. Benson aliutazama ule mfupa wa paja, mrefu kama wa mtu, roho ikakataa. Wakachimba, wakazika yote, wakasali Baba Yetu, wakafuta nyayo.

Siku ya nne mwalimu akafika na mtaalamu, anahema, anatabasamu. Benson akaona haya. Akasema fisi wamebeba.

"Fisi hali mawe, mwalimu," mtaalamu akasema, akashuka zake.

Tangu siku hiyo, hata mnadani, kaka yetu akaitwa Mwalimu Fisi, mtu aliyeisumbua serikali kwa uongo. Lo! Mtu ambaye hata kwa utani hakudanganya. Kila Julai, kwa miaka kumi na mitatu, alipanda tena kuitafuta ile mifupa ili asafishe jina lake, na Benson ndiye aliyembebea hema. Kila safari Benson alijiambia, leo nasema. Akapika uji, akafunga hema, wakashuka. Jambo hilo lilichosha, ndugu zangu, kuliko mzigo wenyewe.

Julai 2023 mwalimu alirudi na kikohozi kisichokoma. Madaktari walikuta ugonjwa wa mapafu, akatibiwa Singida na Dodoma, akadhoofika taratibu. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, Benson akiwa peke yake kando ya kitanda, alishindwa kuendelea kunyamaza.

"Kaka, fisi hawakuchukua kitu. Nilizika mimi."

Mwalimu alimgeukia. "Miaka yote hiyo ulinibebea hema ukijua?"

"Nilijua, kaka."

"Basi utakuwa umechoka kuliko mimi."

Akamshika mkono, akasinzia. Jumapili asubuhi, saa moja na robo, alifariki dunia.

Kwa hiyo isomwe leo mbele ya watu wote: Mwalimu Fredrick Kiula hakudanganya. Mifupa aliiona. Mwongo ni Benson. Matanga yakiisha, wazee wakiridhia, Benson atapanda na watu wa makumbusho akawaonyeshe mahali.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Elina, watoto wawili, Loyce na Gerald, wajukuu watano, na mdogo wake mmoja, ambaye hakupata nafasi ya kuomba msamaha.

Mungu ampumzishe kaka yetu kwa amani, na jina lake lipumzike pia.