Leokadia Kokushubira na Mahindi ya Spånga

Ndugu, marafiki na majirani mliokuja leo, Jumamosi tarehe 7 Oktoba 1978, kumsindikiza Leokadia Kokushubira: haya ndiyo maisha yake kwa ufupi, kama yalivyoandikwa na kusomwa na mdogo wake, Evodius. Mwenyewe aliacha agizo. Alisema, "Msinisomee huzuni. Wasomeeni watu habari za bustani." Tumemtii kadiri tulivyoweza.

Leokadia alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika kijiji kimoja karibu na Bugene, Karagwe, mtoto wa pili kati ya watoto saba wa Mzee Solomon Rwegoshora na Mama Theresia. Mama alikuwa shambani akipalilia maharage asubuhi ileile, na alirudi nyumbani kwa miguu yake. Familia ilikuwa na migomba, kama nyumba zote za huko, lakini nyuma ya nyumba Mama Theresia alikuwa na kipande chake mwenyewe cha mahindi, ambacho hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kukitia jembe. Leokadia alitumwa humo kufukuza ndege. Alikiri baadaye kwamba ndiyo kazi pekee aliyowahi kuifanya vibaya, maana yeye alikuwa akitafuna mahindi mabichi na ndege wakimtazama.

Alisoma shule ya msingi ya misheni, kisha shule ya kati ya wasichana, akamaliza darasa la nane mwaka 1954. Alipata mafunzo ya ushonaji na maarifa ya nyumbani, na tangu mwaka 1957 alifundisha ushonaji wasichana wa Bukoba. Wanafunzi wake walimwogopa kwa jambo moja: alikuwa akigeuza nguo ndani nje kabla ya kuitazama. Mshono wa nje, alisema, kila mtu anaweza kuupendezesha.

Septemba 1963 alikuja Stockholm kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Mwaka ulipoisha aliajiriwa katika chumba cha kushonea cha hospitali moja ya mjini, akitengeneza mashuka, mapazia na makoti ya madaktari. Alidumu katika kazi hiyo miaka kumi na miwili, na hakukosa siku hata moja mpaka ugonjwa ulipomkosesha.

Katika mkutano wa Watanzania wa mwaka 1964 alikutana na Kasiani Mutashobya, fundi wa mitambo, aliyekuwa amevaa koti lililofumuka begani. Hakumwuliza jina. Alimwambia, "Kaka, vua hilo koti, unatuaibisha." Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1965 katika kanisa Katoliki hapa Stockholm. Mungu aliwajalia binti mmoja, Winifrida, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1967, na tangu siku hiyo Leokadia akawa Mama Wini.

Sasa tufike bustanini.

Juni 1968 familia ilipata kiwanja kidogo katika bustani za chama cha wapenda bustani, mwendo wa robo saa kwa baiskeli kutoka kwenye ghorofa yao hapa Spånga, pembeni mwa Stockholm. Kilikuwa kimejaa magugu. Leokadia alilima Julai yote na Agosti yote. Septemba ikaingia na tabia yake ya mtu asiyeamua: asubuhi jua, adhuhuri mvua ya kuchapa, alasiri upepo wa kung'oa kofia, jioni anga limetulia kana kwamba halikufanya lolote. Kila aliyekulia Karagwe anaijua mvua ya Septemba. Ikianza kunyesha, mtu hachukui mwavuli, anachukua jembe. Leokadia alichukua jembe. Akapanda maharage.

Ng'ambo ya uzio alikuwa jirani yake, Bibi Gunborg Ek, akifunika mawaridi yake kwa majani makavu. Alisimama akamtazama kwa muda mrefu.

"Bibi Mutashobya," alimwambia, "sasa ni wakati wa kuilaza bustani."

"Mvua imeanza," alijibu Leokadia. "Nani anaiacha mvua ipite bure?"

Maharage yaliota, majani mawili mawili, mazuri ajabu. Wiki ya kwanza ya Oktoba ilishuka jalidi, ile baridi ya usiku inayounguza majani kama maji ya moto, na asubuhi kitalu kizima kilikuwa cheusi. Kasiani alisema mkewe alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Kisha akasema, "Kumbe huku mvua inasema uongo."

Hakukata tamaa. Alijifunza viazi, karoti na kabichi kutoka kwa Bibi Gunborg, na vilimkubali. Lakini siku moja ya mwaka 1972 alikuwa akimsimulia Winifrida habari za mahindi ya kuchoma ya bibi yake, na mtoto yule, ambaye hakuwahi kuiona Karagwe, alimjibu kwa Kiswidi kwamba mahindi hutoka kwenye kopo.

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Tangu siku hiyo alikuwa na nia moja: kabla hajafa, mwanawe atakula hindi la kuchoma lililolimwa na mama yake katika udongo huu wa Stockholm. Sisi wengine tuliona ni jambo dogo. Yeye hakuona hivyo, na leo sisi pia hatuoni hivyo.

Mwaka 1973 alipanda mbegu zilizotoka nyumbani, zilizotumwa ndani ya bahasha. Zilikua mpaka watu wakaja na kamera. Mabua yalipita urefu wa mtu na nusu, yakaendelea kupanda juu, na hayakuzaa chochote. Majira ya huku ni mafupi mno kwa mahindi ya kwetu. Mwezi Septemba upepo uliyalaza yote kwa siku moja, juu ya kabichi za Bibi Gunborg. Leokadia alikwenda kuomba radhi na sahani ya maandazi. Bibi Gunborg alikula moja, akala la pili, akasema, "Mwakani unaweza kuyaangusha tena."

Mwaka uliofuata alinunua mbegu za hapahapa za aina inayowahi kukomaa, akaziotesha dirishani katika pakiti za maziwa, akapeleka miche bustanini mwezi Juni. Chama kilikuwa na desturi yake: kila kitu kipandwe katika mstari mmoja ulionyooka, kwa kamba. Leokadia alikuwa mgeni mwenye adabu na fundi cherehani. Mstari wake wa mahindi, kando ya uzio wote, ulinyooka kuliko mistari yote ya chama. Mahindi yalitoa mbelewele, ua lile la kileleni, yakatoa ndevu. Septemba alimenya la kwanza: punje sita hapa, nne pale, na katikati pengo tupu. La pili vilevile. Yote vilevile. Ikawa hivyo mwaka 1974, ikawa hivyo mwaka 1975 na 1976 pia, na mwaka ule wa 1975 mkaguzi wa chama alimpa cheti cha bustani nadhifu.

Kasiani alikitazama kile cheti, akasema, "Basi, Mama Wini, tukichome hiki tule."

Rafiki yake Nyambura, Mkenya wa kutoka Farsta, alikuwa akivuka mji mzima kila Septemba, limau na pilipili mkobani, na kila Septemba alirudi nazo. "Leokadia," alimwambia, "hii limau yangu imezeeka kuliko mimi. Kwani hiyo mahindi yako inangoja barua ya mwaliko?"

Novemba 1976 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo. Alifanyiwa upasuaji Januari 1977, akaacha kazi, na mwaka ule kiwanja kilitunzwa na Kasiani kwa kadiri alivyoweza, viazi tu. Wauguzi walimhudumia kwa moyo, nasi tunawashukuru. Mwanzoni mwa mwaka huu daktari alimwambia ukweli bila kuuzungusha: majira ya kiangazi huenda akayaona, majira ya baridi hatayaona. Leokadia aliuliza swali moja tu, kama mwezi wa Septemba unahesabiwa upande gani. Daktari hakulielewa swali. Kasiani alilielewa, akageukia dirisha.

Jumapili moja ya Februari, mdogo wake huyuhuyu anayewasomea alikuja kwa treni kutoka Märsta kumtazama. Alimkuta kitandani, amezungukwa na vitabu vya bustani vya Kiswidi.

"Evodi," alisema, "wewe ulibaki nyumbani baada yangu. Mama alikuwa akipanda vipi mahindi yake?"

"Kama kawaida, Dada. Kwa kundi. Huku matano, huku matano, yamesongamana nyuma ya nyumba, halafu anayainulia udongo mpaka magotini."

"Hakuwa na mstari?"

"Mama? Mstari? Mama alikuwa na kamba ya kufungia mbuzi tu."

Leokadia alijipiga paji la uso kwa kiganja mpaka Winifrida akaja mbio kutoka jikoni. Chavua ya mahindi, ule unga wa maua, huanguka kutoka kwenye mbelewele na kubebwa na upepo mpaka kwenye ndevu za hindi jirani, ndipo punje hushika. Katika mstari mmoja, upepo wa Spånga ulikuwa ukiichukua yote na kuipeleka barabarani. "Miaka mitatu mizima," alisema, "nimewalisha mahindi madereva wa mabasi!" Alikuwa ameiacha njia ya mama yake kwa sababu aliiona ya ovyo machoni pa wenyeji, na njia ya mama ndiyo iliyokuwa na akili.

Juni mwaka huu alipelekwa bustanini, akawekwa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, akaongoza kazi kwa fimbo. Kasiani alichimba. "Polepole, Baba Wini," alimwambia, "hilo ni shimo la mahindi, siyo kaburi. Lile nitachimbiwa na wengine." Miche arobaini ilipandwa kwa kundi, imebanana, katikati kabisa ya kiwanja. Mkaguzi alipopita aliuliza ni nini hicho. Leokadia alimjibu, kwa Kiswidi chake kilichonyooka, "Huo ni mkutano." Bibi Gunborg alimshika mkaguzi mkono, akamwendesha taratibu kwenda kuyaona mawaridi.

Upepo bado ulikuwepo. Kwa hiyo Leokadia alishona, na hii ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake. Aliunganisha mashuka makuukuu manane kuwa ukuta mmoja wa kitambaa, mishono miwili miwili, na Kasiani akauzungushia mahindi kwa vigingi. Watu wa chama walidhani kuna harusi.

Jumapili tarehe 10 Septemba alimenya hindi moja ncha tu, akatoboa punje kwa ukucha. Yalitoka maji. "Wiki moja," alisema. Alikuwa hawezi tena kula ila uji, na wiki moja ilikuwa mbali.

Alhamisi tarehe 14 ilivuma dhoruba mchana kutwa. Leokadia alikuwa dirishani akihesabu miti iliyoinama. Kasiani na Bibi Gunborg walikuwa bustanini, kila mmoja ameshika kigingi, mama yule wa miaka sitini na minane akipiga kelele kwamba mvua haijawahi kumyeyusha mtu. Shuka moja lilichanika, likapaa, likatua juu ya mtofaa. Mishono haikufumuka hata mmoja. Mabua saba yalivunjika. Thelathini na matatu yalisimama.

Jumapili tarehe 17 redio ilitangaza jalidi kwa usiku ule. Asubuhi jua, saa nne mvua, saa sita jua tena. Leokadia alibebwa mpaka bustanini, Nyambura na Evodius wakiwa wamekwisha fika. Alitoboa punje kwa ukucha, na safari hii yalitoka maziwa, mazito, meupe. Alimenya hindi lote. Lilikuwa limejaa kutoka kitako mpaka ncha, hakuna pengo mahali popote. Alilizungusha mkononi kama alivyokuwa akizungusha nguo za wanafunzi wake, akitafuta kosa, asilione.

Ndipo akapiga kigelegele. Wakulima wa Kiswidi waliinuka kwenye vitalu vyao, reki mkononi, na Nyambura akakidaka kile kigelegele akakipeleka mbele.

Walichoma juu ya makaa ya jiko la Bibi Gunborg. Limau ilikamuliwa, pilipili ikapakwa. Hindi la kwanza alipewa Winifrida. Alilitazama pande zote, akauma, akatafuna, akauma tena bila kuinua uso. Alimaliza, akachukua la pili. Mtoto alipofika la tatu alisema, mdomo umejaa, na kwa Kiswahili, "Mama, usimpe Mjomba mengine."

Leokadia mwenyewe alikula punje kumi na mbili, mojamoja, kwa nusu saa. Alipewa uji, akaukataa. "Leo nimealikwa," alisema. Jioni ile walivuna yote yaliyobaki, na jalidi liliposhuka lilikuta mabua matupu.

Jumatano tarehe 20 alipelekwa hospitali, akiwa na hindi moja bichi ndani ya mkoba, alilowaonyesha wauguzi wote wa zamu zote. Alifariki Jumanne tarehe 26 Septemba 1978, saa tano asubuhi, Kasiani akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Leokadia ameacha mume wake, Kasiani; binti yao, Winifrida, mwenye miaka kumi na mmoja; mama yake, Mama Theresia, huko Karagwe, ambaye amekwisha pelekewa habari ya mavuno pamoja na habari ya msiba; ndugu sita; rafiki yake Nyambura; na jirani yake Bibi Gunborg Ek, ambaye ameomba ahesabiwe miongoni mwa ndugu, nasi tumekubali.

Bwana, mpokee mtumishi wako Leokadia, umpe pumziko lenye amani. Hakuja kwako kulalamika kwamba muda ulikuwa mfupi. Ulimpa mpaka Septemba, naye alivuna kabla ya jalidi.