Mama Cresencia na Filamu Ambayo Yelaa Wanatudai

Wasikilizaji wapendwa wa San Melchor, mlioko hapa mlimani, nanyi mlioko Los Angeles mnaotusikiliza kwa simu kabla ya kuingia kazini. Punguzeni moto wa maharage, mnisikilize kidogo. Sauti yangu leo imechoka, na sitaificha. Tumemzika Cresencia Yescas. Mama Cresencia wa mkate wa mayai, Mama Cresencia wa tamasha la filamu. Tumemzika jana.

Wengi mlimjua kwa mkate kwanza. Walimu wa filamu walipopanda kutoka mjini na kamera zao, walikuja kufundisha vijana. Vijana wakaenda zao kaskazini, kamera zikabaki. Aliyejitokeza kuzichukua ni mjane mwenye unga mikononi. Watu walicheka. Shemeji yake Abundio, mdogo wa marehemu mumewe, alimwambia sokoni, "Shemeji, hilo si tanuri. Halitoi mkate." Naye akamjibu, "Wewe miaka yote hii hutoi kitu, na bado tunakulisha."

Tangu hapo, kila baada ya mavuno ya mahindi aliendesha warsha. Warsha ikiisha, tunaonyeshwa filamu kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, kwenye ule ukuta mweupe wa ofisi ya kijiji. Sheria yake ilikuwa moja: kaa na mtu, ule naye, ndipo uwashe kamera. Ndivyo tulivyowaona tena bibi zetu marehemu, wakisuka na kubishana nani alipanda kahawa ya kwanza. Watu walilia huku wanatafuna tamale za unga wa mahindi.

Lakini jambo moja lilimkaa rohoni, wasikilizaji. Yelaa. Wale wenzetu wa ng'ambo ya bonde, ambao tumegombea nao chemchemi tangu enzi za babu zetu. Ng'ombe wameuawa, na watu pia. Mumewe mwenyewe, Fidencio, alifia pale chemchemi. Mama Cresencia alitaka habari ile isimuliwe na pande zote mbili, na isikilizwe na pande zote mbili. Hilo tu.

Mwaka mmoja alivuka bonde peke yake, mkate kikapuni. Akakaa nao, akala nao. Akarudi na filamu ya Mzee Filadelfo wa Yelaa, akieleza mambo ya chemchemi kama wanavyoyajua wao. Uso wake ulipotokea ukutani, uwanja mzima ulipiga miluzi. Abundio akachomoa waya wa umeme. Giza. Mama Cresencia akauchomeka tena. Nilikuwepo, nilimsikia: "Mzee wa fimbo, tena yuko ukutani, ndiye anayewatoa jasho hivyo? Kaeni chini!"

Watu wakakaa. Filamu ilipoisha akasimama mbele yetu. "Huyu mzee ametupatia maneno yake. Ni gozona. Sasa anatudai yetu."

Gozona nani haijui hapa? Ukinivunia leo, kesho nakuvunia. Bendi yako ikinipigia, yangu itakupigia. Lakini kupeleka filamu yetu Yelaa! Kila mkutano wa kijiji alisimama kuomba ruhusa. Kila mkutano akajibiwa, mwakani. Na filamu ilikuwa tayari, wasikilizaji. Ilikuwa tayari. Ndani yake anaeleza mwenyewe siku Fidencio alipoletwa nyumbani. Mwakani, mama. Mwakani.

Binti yake Nereida, aliyerudi kumuuguza, ameniambia hivi: "Mwishoni hata hasira hakuwa nayo. Anatoka mkutanoni, anakaa kitandani na viatu vyake. Ananiambia, 'Nivue, mwanangu, sina nguvu. Watu wetu wananichosha kuliko tanuri.'"

Namwelewa. Mimi pia nimechoka kutangaza vifo vya watu waliokufa wakisubiri.

Sasa jana. Mlioko mbali hamkuona. Jeneza limeshashushwa, tukasikia matarumbeta kwenye njia ya bondeni. Bendi ya Yelaa. Hawakualikwa. Walikuja kwa miguu na ngoma yao kubwa, wakapiga wimbo wa mazishi mpaka mwisho, na hakuna aliyewazuia. Kisha Mzee Filadelfo akasogea kaburini, ameshikwa mkono, maana amezeeka sana. Akavua kofia.

"Dada," akasema, "mkate wako niliula. Maneno yangu nilikupa. Yako sijayasikia." Akatugeukia sisi. "Naambiwa huku husema mwakani. Mimi mwakani sina."

Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wakitazama viatu vyao.

Nereida, mwanangu, pole sana. Poleni ukoo wote wa Yescas, wa hapa na wa ughaibuni. Mungu ampumzishe mama, maana pumziko alilihitaji. Nasi tuliobaki tujiulize, tulikuwa tunaogopa nini? Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na sasa Yelaa wanatudai filamu na bendi pia. Jumamosi Nereida anavuka bonde na filamu ya mama yake. Ruhusa haombi tena. Anatafuta watu wa kwenda naye.

Asubuhi hii Abundio alipita hapa studio. Nikamkaribisha aseme neno la rambirambi kwa shemeji yake, akakataa. Aliweka mezani kwangu waya mrefu wa umeme, umekunjwa vizuri.

"Mpe Nereida," akasema. "Sijui soketi za Yelaa ziko umbali gani na ukuta wa kuonyeshea. Tena mwambie nitakaa na huo waya mimi, asije mtu akauchomoa."