Inspekta Mkawasi Angempata

Nyuma ya kota za reli hapa Voi kuna benchi moja, na wenyewe ni watatu. Mutuku, fundi wa baiskeli, wamempachika jina la Wakili kwa sababu hata salamu huikatia rufaa. Kitonga wa mitumba ni Sajini, ingawa gwaride hajui hata linanuka vipi. Wa tatu ni Mzee Wamalwa, aliyestaafu reli. Hapo husomeana kwa sauti riwaya za Inspekta Mkawasi, huku kahawa ikipoa. Lakini tangu Chrispine, mwana wa Wamalwa, aende Taveta kununua ndizi asirudi, benchi limeingiwa na baridi. Mzee amekonda, maskini.

Jioni moja Mutuku alifunga kitabu.

— Muuaji ni daktari. Mtu gani anakula wali amevaa glovu?

— Wacha hizo! Kitonga akamkata. Marehemu hajafa. Yuko Holili, ng'ambo ya mpaka, anakula pesa za bima. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo, Sajini?

— Kinaingia tu. Na daktari ni pacha wake.

— Pacha ametoka wapi?

— Nyani haoni kundule, Wakili. Hata wewe unaweza kuwa na pacha na hujui.

— Bishaneni, Wamalwa akasema. Mimi muuaji simtaki. Mimi namfuata huyu mama, Inspekta Mkawasi. Mmesikia alivyoingia kwa yule mjane? Hakuanza na maswali. Aliuliza kama amekula. Huyu angekuwa kituo chetu cha polisi, Chrispine angekuwa nyumbani saa hii.

— Angempata, Mutuku akasema polepole.

— Wallahi angempata, Kitonga akaitikia.

Evelyn, aliyeshuka juzi kutoka Sagalla kufungua saluni hapo kando, alikuwa amesimama na kikombe.

— Pole sana, mzee. Kwani mara ya mwisho alionekana wapi?

— Hapa hapa, mama. Alikuja kuniaga, akaenda steji ya matatu.

— Nyote mlikuwepo?

— Wote! Kitonga akasema. Tulikuwa tunasoma ile ya maiti ya kisimani. Na hapa kitabu kikisomwa hatuinui kichwa.

— Alikuwa amevaa nini?

— Shati jeupe, Wamalwa akajibu upesi, vile alivyowaambia polisi.

— Jeupe? Mutuku akashtuka. Si ilikuwa jezi?

— Jezi gani? Ni jaketi lile nililomuuzia mimi, Kitonga akasema. Ama... hilo alivaa Krismasi?

Wamalwa akafumba macho kumtafuta mwanawe. Koti la Mkawasi aliliona vizuri, la kijivu, mfuko wa kushoto umechanika. Aliliona hata jino la inspekta linalomuuma. Chrispine hakumwona. Alisikia sauti tu, "Baba, basi mimi naenda," na yake mwenyewe ikijibu, "Ngoja tumalize ukurasa."

Akafumbua macho.

— Mzee, Evelyn akauliza kwa upole, hilo shati jeupe ulilitoa wapi?

— Shati lake la kanisani ni jeupe, Wamalwa akasema. Askari aliniuliza, nikaona aibu kusema sijui.

Mutuku alimpigapiga bega. Mzee hakugeuka.

— Na huko Taveta, akasema, mpaka leo wanamtafuta mtu wa shati jeupe.