Helmeti ya Wekesa na Mama Niliyemsingizia

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana aliye hai. Wengi wenu mnanijua kama Mama Wekesa wa mtaa wa Landless, yule anayekuja maombi ya jioni akiwa bado na sare ya kiwanda. Nimemwomba mchungaji nafasi hii kwa sababu nimekaa na jambo hili mwaka mzima, na nimeona nikiendelea kunyamaza nitakuwa ninamnyima Mungu sifa yake.

Nilizaliwa Bungoma. Nilikuja Thika kumfuata mume wangu, ambaye ni fundi wa mawe kwenye majengo ya Ngoingwa. Mimi ninafanya kazi kiwanda cha nguo. Nakagua mashati kabla hayajafungwa. Tulikaa miaka sita bila mtoto, na nyinyi mliomba pamoja nasi. Wekesa alipozaliwa nililia mpaka muuguzi akaniuliza kama bado nina uchungu.

Likizo ya uzazi ilipoisha nilimwacha kwa Mama Njoki. Huyu alikuwa jirani yetu, mjane, anayelea watoto wa akina mama wanaokwenda kazini. Chumba chake kilikuwa kidogo lakini safi, na watoto hawakuwa wakilia hovyo. Nilimwamini.

Mtoto alikuwa na miezi minne nilipogundua. Nilikuwa namwogesha, nikapitisha kiganja nyuma ya kichwa chake, nikahisi upande wa kulia umekuwa bapa kama umebonyezwa kwa ubao. Nikamtazama kutoka juu. Sikio moja lilikuwa limesogea mbele kuliko lingine. Nikamvalisha haraka, nikamwita baba yake. Akaangalia, kisha akasema, "Labda ni vile amelala."

Ndugu zangu, nilianza kumficha mwanangu. Nilimvalisha kofia ya sufu hata wakati wa jua kali. Mtu akitaka kumbeba nilisema ana mafua. Mama mkwe alinipigia simu akaniambia nikikande hicho kichwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Dada mmoja katika maombi aliniambia kuna mkono uliomgusa mtoto. Kliniki niliambiwa ningoje, kitajirudi chenyewe. Ni kweli vya watoto wengi hujirudi. Cha Wekesa hakikujirudi.

Moyo uliochoka hutafuta mtu wa kulaumu, na mimi nilimpata karibu. Jumamosi moja nilikwenda kumchukua mtoto nikakuta akina mama wengine wamesimama mlangoni. Nikasema mbele yao wote, "Mama Njoki, wewe unamlaza mwanangu chini kutwa nzima kama gunia. Angalia kichwa chake. Hii ni kazi yako."

Mama Njoki hakupandisha sauti. Alisema, "Mama Wekesa, huyu mtoto shingo yake haigeuki upande wa kushoto. Nilikuambia mara mbili."

Ni kweli alikuwa ameniambia. Lakini mimi nilikuwa nikifika pale nimechoka, namnyakua mtoto na kuondoka. Sikusikia. Siku ile pia sikutaka kusikia. Nikabeba mtoto wangu na nepi zake nikaenda, na tangu hapo baba yake, ambaye siku hizo kazi zilikuwa haba, akawa anashinda naye nyumbani. Wiki iliyofuata akina mama wanne wakawatoa watoto wao. Mwezi haukuisha, Mama Njoki akafunga chumba, akahamia kwa dada yake kule Kimbo, Ruiru. Nami nilisema moyoni, heri ameenda.

Wekesa alipofikisha miezi sita, msimamizi wangu kazini aliniambia kuna daktari wa viungo Ruiru anayeshughulika na watoto. Nikaomba ruhusa nikampeleka. Alikuwa binti mdogo tu, mpole. Kwanza alitutuma kwa daktari wa watoto, ahakikishe mifupa ya fuvu haijafungana kabla ya wakati. Haikuwa imefungana, Bwana apewe sifa. Tuliporudi akamlaza Wekesa, akashika kichwa akakigeuza polepole kulia. Kikaenda. Akakigeuza kushoto, kikakwama njiani, mtoto akalia.

Akasema, "Mama, msuli wa shingo upande mmoja ni mfupi. Amezaliwa hivyo. Kila akilala chali, kichwa kinaanguka upande uleule. Si makosa ya mtu yeyote."

Kisha akaendelea kupapasa ile shingo, akaniuliza, "Nani amekuwa akimnyoosha? Msuli huu ungekuwa mgumu kuliko hivi. Kuna mtu amekuwa akimgeuza, na akimlaza kifudifudi akiwa macho."

Si mimi niliyemgeuza. Wala si baba yake. Nilijua ni nani.

Yule binti alinifundisha mazoezi ya shingo. Akaniambia pia kwamba kwa vile kichwa kimepinda sana na miezi inakwenda, tujaribu helmeti. Ni kofia ngumu iliyotengenezwa kwa kipimo cha kichwa cha mtoto. Inaacha nafasi pale palipo bapa, ili kichwa kikikua kijaze upande ule. Fundi wa vifaa vya viungo alimpima Wekesa kwa bandeji za plasta, na wiki mbili baadaye tukamvalisha. Mume wangu alikubali kazi za ziada, na akina mama wa kanisa hili mlitushika mkono. Mungu awakumbuke.

Helmeti inavaliwa mchana na usiku, inatolewa kwa muda wa saa moja tu ili aoge nayo isafishwe. Siku za kwanza Wekesa alitoka jasho, akapata alama nyekundu karibu na sikio, akakataa kunyonya. Nilichukua siku zangu zote za likizo. Zilipoisha nikatafuta wa kumlea. Wa kwanza aliiona ile kofia akasema hawezi, watu watadhani amemwangusha mtoto. Wa pili vilevile. Wote waliogopa kulaumiwa, na aliyewafundisha woga huo Landless ni mimi.

Niliomba, ndugu zangu. Nilitaka Mungu anipe mlezi. Lakini kila nikipiga magoti, uso ulionijia ulikuwa mmoja. Nikapambana nao siku tatu. Siku ya nne nikambeba Wekesa nikaenda Kimbo.

Nilimkuta Mama Njoki nje ya duka la dada yake akimenya viazi vya kukaanga. Alimtazama mtoto kabla ya kunitazama mimi. Nikamwambia yote niliyoambiwa Ruiru, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaendelea kumenya. Kisha akauliza, "Umekuja kwa sababu umejua ukweli, ama kwa sababu umekosa mtu wa kumlea?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Ni yote mawili, mama."

Akaweka kisu chini. "Basi nitakujibu yote mawili. Msamaha nimekupa, hata kabla hujaja, maana ningeugua nikiubeba. Lakini jina langu uliliharibia mlangoni pangu, mbele ya watu. Rudi ukalisafishe mlangoni palepale. Halafu uniletee mtoto."

Jumamosi iliyofuata niliwaita wale akina mama. Nilisimama mbele ya kile chumba, sasa kina mpangaji mwingine, nikawaambia nilisema uongo juu ya Mama Njoki, na yeye ndiye aliyekuwa akimtibu mwanangu wakati mimi sijui. Mmoja alicheka. Mwingine alilia. Nilipomaliza nilisikia wepesi kifuani, wepesi ambao sikuwa nao tangu siku ile ya kumwogesha mtoto. Huo ndio wokovu ninaoushuhudia leo.

Mama Njoki hakurudi Landless. Alisema ameshapazoea Kimbo. Kwa hiyo kwa muda wa miezi minne nilitoka Thika alfajiri na mapema kumpeleka Wekesa, kisha narudi kazini, na jioni tena. Yeye ndiye aliyekuwa akifuta ile helmeti, akikagua ngozi, akimnyoosha shingo huku akimwimbia kwa Kikuyu. Helmeti ilitolewa mtoto akiwa na miezi kumi na moja. Kichwa hakijawa mviringo kamili. Bado kuna bonde dogo nyuma ya sikio la kulia, na daktari amesema nywele zitalifunika. Mimi sioni haya tena likionekana.

Akina mama, ukiona kichwa cha mtoto kinaegemea upande mmoja, usimfiche. Mpeleke mapema, uulize tena hata kama umeambiwa ungoje. Tena yule anayekulelea mtoto, msikilize.

Na ninyi wote, ndugu zangu, mwaminini Mungu hata anapojibu ombi lenu kwa kuwapeleka kwa mtu ambaye hamtaki kumwona. Najua ninapoongea kuna jina limekujia. Ibada ikiisha, usingoje chai. Mwendee.